Sekunde 180 za ghorofa ya 12

Anayekushinda kwenye ghorofa ya 12 ya Spiral Abyss mara nyingi si yule jitu mwenye upanga wala joka linaloruka. Ni saa. Genshin Impact, gemu ya kampuni ya Kichina ya miHoYo iliyotoka tarehe 28 Septemba 2020, kwa sehemu kubwa ni gemu ya kutembea: unapanda mlima, unapika, unavua samaki, hakuna anayekuharakisha. Abyss ni habari nyingine. Unafungiwa ndani ya chumba cha duara na maadui wa levo 95, kisha cha pili wa 98, kisha cha tatu wa 100, na juu ya skrini, kwa kila chumba, kuna dakika 10 zinazorudi nyuma. Ukimaliza zikiwa zimebaki dakika 7 unapewa nyota zote 3 za chumba hicho. Kwa hiyo kazi yako halisi ni ya sekunde 180, na katika sekunde hizo unaingiza timu mbili, kila moja ya wahusika wanne, moja kwa nusu ya kwanza ya chumba na nyingine kwa nusu ya pili.

Naandika haya kwa wachezaji wa Ngamiani, hapa Tanga, na kwa yeyote wa pwani hii mwenye simu ya kawaida na bando la kawaida. Kwenye vibanda vya gemu mpira ndio mfalme, na sina ugomvi na hilo. Lakini barazani, baada ya Isha, utamkuta kijana kainamia simu peke yake, na ukichungulia ni Genshin, na ukimuuliza anakwambia amekwama nyota 30 au 33 kati ya 36, na lawama zote anazitupa kwa wahusika wa nyota 5 ambao hana. Hapo ndipo ninapobishana naye. Nafasi ya kumpata mhusika wa nyota 5 kwa bahati nasibu ya gemu hii ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio, na ukikosa kabisa unahakikishiwa kwenye jaribio la 90. Ukimaliza Abyss yote kwa mwezi unalipwa Primogem 800, yaani majaribio matano. Mwenye kusubiri bahati ndipo apange timu atasubiri sana. Timu inapangwa kwa ulichonacho, na ulichonacho kinatosha.

Tuanze na saa yenyewe, maana wengi wanaisoma vibaya. Sekunde 180 ni za nusu zote mbili kwa pamoja. Hakuna sheria inayosema kila timu ipewe 90. Timu yako kali ikimaliza nusu yake kwa sekunde 55, ile dhaifu ina sekunde 125 za kuhangaika. Kwa hiyo usihangaike kutengeneza timu mbili zinazolingana. Tengeneza moja ya kutisha na moja ya kutegemewa, kisha ufungue orodha ya maadui kabla ya kuingia, uone nusu ipi inamfaa nani. Orodha hiyo iko palepale kwenye menyu ya ghorofa, na nashangaa watu wanavyoipita kama tangazo la ukutani. Kama nusu ya kwanza imejaa viumbe wa moto, timu ya moto haina la kufanya pale. Kuna viumbe, kama zile slaimu za moto, ambao moto hauwagusi hata chembe. Igeuze timu upande wa pili.

Na jambo jingine la orodha: nyota huhesabiwa kwa kila chumba peke yake. Ukishafungua chumba cha tatu unaweza kuanzia hapohapo na timu tofauti kabisa na ile iliyokuvusha cha kwanza. Maliza cha kwanza na timu inayokifaa, toka, panga upya, ingia cha pili. Haikugharimu kitu, kwa sababu Abyss haili Resin, ile akiba ya kila siku ya gemu.

Sasa timu ya kutisha. Ninayoipendekeza ina Xiangling, Bennett, Xingqiu na Sucrose. Wote wanne ni wa nyota 4. Xiangling unapewa bure na Abyss yenyewe ukimaliza chumba cha tatu cha ghorofa ya 3. Bennett na Xingqiu huja kwa zamu katika duka la Starglitter, 34 kwa kila mmoja, na Xingqiu huwa anapatikana pia katika Lantern Rite, sikukuu ya ndani ya gemu inayokuja kila mwanzo wa mwaka, pale unapochagua mhusika mmoja wa Liyue bila malipo. Ukipewa nafasi hiyo na Xingqiu huna, usichague mwingine kwa sura yake.

Mantiki ya timu ni moja. Xingqiu anawalowesha maadui kwa panga za mvua zinazoanguka kila mhusika aliye uwanjani anapopiga pigo la kawaida. Xiangling anazungusha gurudumu la moto linaloendelea kuzunguka hata akiwa ameshatoka. Moto ukimgusa aliyelowa, pigo linazidishwa mara 1.5, na skrini inaandika Vaporize. Bennett anachora duara la moto chini linaloponya na kuongeza nguvu ya shambulizi. Sucrose ndiye anayebaki uwanjani akipiga: upepo wake unasambaza moto kwa maadui wengine, na ukimvisha seti ya artifact ya Viridescent Venerer, ukinzani wa maadui kwa elementi aliyoisambaza unashuka kwa asilimia 40. Kwa adui mwenye ukinzani wa kawaida wa asilimia 10, hilo peke yake linaongeza madhara yako kwa kiasi cha asilimia 28.

Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa sana jinsi watu wachache wanavyoweza kutosha. Wakati taarabu ya Unguja ilikuwa ya okestra kubwa zenye safu ya fidla, Black Star na Lucky Star za hapa zilipiga kwa kundi dogo lenye gitaa la umeme na besi, na sauti ya mwimbaji wao Shakila ikafika mbali. Kundi dogo lilisimama kwa sababu kila mmoja alijua anaingia lini.

Na kuingia lini ndiyo timu hii nzima. Anza na Xingqiu: ulti, kisha skili. Ingia Bennett: ulti, kisha skili ya kugusa tu, usiishikilie. Ingia Xiangling ukiwa bado ndani ya duara la Bennett: ulti, kisha skili ya kumtoa mnyama wake Guoba. Ingia Sucrose, piga. Mzunguko mzima unachukua kama sekunde 20, kisha unarudi mwanzo. Sababu ya Xiangling kuingia baada ya Bennett, wala si kabla, ni kwamba gurudumu lake hunasa nguvu aliyokuwa nayo wakati wa kulitoa na kubaki nayo mpaka liishe. Akilitoa ndani ya duara, anaondoka na nyongeza ya Bennett hata duara likizimika. Akilitoa nje, gurudumu zima ni dhaifu na huwezi kulirekebisha tena mpaka mzunguko unaofuata.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyota zinapopotea.

Ulti ya Xiangling inadai nishati 80. Nishati inatokana na vile vijipira vinavyoruka mtu akipiga skili. Kijipira cha elementi yako kinakupa 3, cha elementi ya mwingine kinakupa 1. Lakini kiasi hicho ni cha aliye uwanjani kinapofika. Walioko nje, katika timu ya wanne, wanapata asilimia 60 tu. Sasa mwangalie Bennett. Skili yake inatoa vijipira viwili au vitatu vya moto, na havimfikii papo hapo. Vinaruka hewani kwa muda mfupi. Ukibaki na Bennett uvipokee vitatu, Xiangling nje anapata 5.4. Ukipiga skili na kubadili upesi, vijipira vinamkuta Xiangling amesimama uwanjani, anachukua 9. Zizidishe kwa takwimu yake ya Energy Recharge, mathalan asilimia 200, unapata 18 dhidi ya kama 11. Fanya hivyo mara mbili au tatu katika mzunguko, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gurudumu linatoka kwa wakati wake au unakaa ukimpiga adui kwa mkuki kama unayetwanga kisamvu.

Kwa hiyo zoezi la kwanza kabisa, kabla hujaingia Abyss, ni la kidole: Bennett, gusa, badili. Nenda kawapige hilichurl porini ukifanya hivyo tu. Ukishazoea, rudisha Bennett katikati ya mzunguko, wakati Sucrose anaendelea kupiga, gusa tena, mpokee na Xiangling, rudi kwa Sucrose. Skili ya Bennett inapoa haraka, na ndani ya duara lake inapoa haraka zaidi.

Bennett ana mtego mwingine. Kama hujamfungulia kundinyota lake la kwanza, duara lake huponya mtu mwenye uhai wa asilimia 70 kushuka chini, na huongeza shambulizi kwa yule aliye juu ya 70 tu. Haviji pamoja. Xiangling akiingia dunia imemchapa, yuko asilimia 60, anaponywa lakini gurudumu linatoka bila nyongeza. Subiri pigo moja la uponyaji, kisha utoe. Na nyongeza yenyewe inahesabiwa kwa shambulizi la msingi la Bennett, yaani lake na la upanga wake. Artifact za kuongeza shambulizi hazisaidii duara kabisa. Mpe upanga wenye msingi mkubwa. Prototype Rancour, unaofuliwa kwa mhunzi, una 565 ukifika levo 90. Artifact zake zijaze nishati na uhai.

Mkuki wa Xiangling ni kitu cha kumfurahisha mtu wa pwani, maana unapatikana kwa kuvua. Unaitwa The Catch, unatolewa na chama cha wavuvi wa Inazuma kwa kubadilishana na samaki, na kwa samaki zaidi unauboresha mpaka daraja la 5. Ukifika levo 90 unaleta nishati asilimia 45.9, na kwenye daraja la 5 unaongeza madhara ya ulti kwa asilimia 32. Hakuna mkuki wa nyota 4 ninaoujua unaomfaa Xiangling kuliko huu, na watu wengi hawana kwa sababu wameona uvuvi ni mchezo wa watoto. Uvue. Mvishe Xiangling seti ya Emblem of Severed Fate, ambayo inageuza robo ya Energy Recharge yake kuwa nyongeza ya madhara ya ulti: mwenye 200 anapata 50. Nishati ikizidi hiyo inayohitajika haipotei bure, nayo inapiga.

Timu ya pili ndipo wengi wanapoharibu, kwa kumtaka Xingqiu pande zote mbili. Haiwezekani, mhusika akiwa timu moja hayupo nyingine. Timu ya kutegemewa, kwa maoni yangu, ni ya majani, maji na umeme. Maji yakikutana na majani zinazaliwa mbegu; umeme ukigusa mbegu zinaruka zenyewe kumfuata adui na kumlipukia. Gemu inaita Hyperbloom. Raha yake ni kwamba haihitaji mzunguko mkali. Ukikosea zamu kwa sekunde mbili, mbegu zinaendelea kuruka. Kwa mkono uliochoka, au simu inayokwama, hii ndiyo timu.

Madhara ya Hyperbloom yanategemea levo ya anayewasha mbegu na takwimu yake ya Elemental Mastery. Hakuna cha pigo la hatari wala shambulizi. Kwa hiyo mwasha umeme mmoja ndiye unayemlea mpaka levo 90, wengine watatu wanaweza kuvaa chochote cha kuwafanya wapige ulti kwa wakati. Kuki Shinobu anafaa kuliko wote wa nyota 4: pete yake ya umeme inaendelea kuzunguka hata yeye akiwa nje, na inaponya. Mpe artifact tatu za Elemental Mastery, kila moja 187, na upanga wa Iron Sting wa kufuliwa wenye 165. Hapo umeshafika 726 kabla ya nyongeza ndogondogo. Huna Kuki? Lisa uliyepewa bure mwanzoni mwa gemu ana taa ya umeme inayodumu sekunde 15, mvishe artifact hizohizo.

Majani atayaleta Collei, ambaye Abyss inakupa ukimaliza chumba cha tatu cha ghorofa ya 4, au Traveler mwenyewe akiwa amechukua elementi ya majani. Waweke wote wawili. Maji atayaleta Barbara, na umwache uwanjani apige, kwa sababu mapigo yake ya kawaida ni ya maji. Barbara anadharauliwa sana. Katika timu hii anapiga, anaponya, na yuko salama kwa mbali. Ukiwa na Yelan au Kokomi wa nyota 5, vizuri, lakini sikuandika kwa ajili yako.

Usiingie ghorofa ya 12 bila mponyaji kila upande kwa tamaa ya kupata mpigaji wa ziada. Wapo maadui kama mbwa wa Rifthound na mkubwa wao Golden Wolflord, ambao wakikugusa uhai unaendelea kumomonyoka timu nzima, wakiwemo walio nje. Aliyekufa hapigi, na ndani ya Abyss huwezi kula chakula cha kufufua.

Vipo vitu viwili vya nje ya timu vinavyokula sekunde bila kuonekana. Cha kwanza ni kuwafukuza maadui waliotawanyika. Ukiingia, usikimbilie adui wa kwanza unayemwona. Simama pale ambapo wengi wanakufuata, waache wakusanyike sekunde mbili, ndipo utoe ulti ya Sucrose inayowavuta pamoja. Mzunguko wa kwanza ukitawanyika vibaya, usimalizie kwa ukaidi. Simamisha, anza chumba upya. Mchezaji mzuri wa Abyss anaacha vyumba vingi kuliko anavyovimaliza.

Cha pili ni simu. Joto la Tanga la Februari na simu inayochajiwa ukiwa unacheza ni mambo yasiyopatana. Simu ikipata moto inapunguza kasi, na kubadili mhusika kunachelewa, na lile zoezi la Bennett linaharibika. Jaza chaji kwanza, vua kava, kaa penye upepo. Kwenye mipangilio shusha ubora wa picha mpaka chini na uache fremu 60 kama simu inazimudu bila kuyumba. Kama inayumba, 30 zilizotulia ni bora. Kwa seva, ile ya Ulaya ndiyo inayojibu upesi kwa kawaida kutoka huku kwetu, na jambo hili liamue kabla hujaanza, kwa sababu akaunti haihamishwi kutoka seva moja kwenda nyingine na ulichokusanya kinabaki kulekule.

Tangu Julai 2024 Abyss inaanza upya mara moja kwa mwezi, tarehe 16. Kwa seva ya Ulaya hiyo ni saa 10 alfajiri ya kwao, yaani saa 12 asubuhi ya Afrika Mashariki. Usiiache mpaka usiku wa tarehe 15. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Tanzania ikakaa na intaneti ya kubahatisha. Aliyekuwa ameacha kila kitu mpaka dakika za mwisho hakuwa na la kufanya. Ukitupwa nje katikati ya chumba, mbio hiyo imekwenda.

Genshin haichezwi kwa ushirika ndani ya Abyss. Marafiki zako hawawezi kuingia na wewe. Lakini wanaweza kukaa pembeni yako, na wana kazi. Mmoja ashike saa na akutajie kwa sauti sekunde zilizotumika timu ya kwanza inapomaliza. Wewe macho yako yako kwenye vita na hutaiona. Mwingine aangalie kitu kimoja tu: ulti ya Xiangling imekuwa tayari sekunde ngapi kabla hujaitoa, au umeisubiri sekunde ngapi. Namba hizo mbili zinakwambia tatizo liko wapi. Kama ulti ilikuwa tayari na hukuitoa, tatizo ni zamu. Kama uliisubiri, tatizo ni nishati, rudi kwenye vijipira. Kama vyote viko sawa na bado unazidiwa sekunde 30, hapo ndipo uende kwenye artifact na levo. Gemu ina maandishi kwa lugha 15 na Kiswahili hakimo, kwa hiyo yule mwenye Kiingereza kizuri barazani asome maelezo ya artifact na ya baraka za Abyss za mwezi huo kwa sauti, wengine wasikilize. Baraka hizo zinabadilika, na mwezi zinapoipendelea Hyperbloom, timu yako ya pili inaweza kuwa ndiyo ya kwanza.

Ukikwama kwenye 33, usirudie ghorofa nzima. Tafuta zile nyota tatu ziko vyumba gani. Mara nyingi ni moja ghorofa ya 11 na mbili chumba cha mwisho cha 12. Anza na ya 11, maadui wake ni wepesi na pengine unahitaji kugeuza timu tu upande. Cha mwisho cha 12 kiache mpaka Xiangling amefika levo 90 na talanta ya ulti yake imefika 9 au zaidi, kisha kiingie asubuhi, simu ikiwa baridi na wenzako hawajaanza kupiga kelele za mpira.